Sehemu ya Tisini na Moja

Jana, Tulin, ulinikera.
Miezi minne umelificha lile shati lenye damu
chini ya godoro, darini, ndani ya pipa la unga,
na jana, kwa kuwa mwanamume amekuja na maua,
ukamweleza kila kitu.
Maua! Hapa Cheyo mtu akija na maua
tunamuuliza nani amefariki.

Nilikwambia hivyohivyo, mbele ya runinga.
Miaka thelathini nimekata tiketi pale stesheni ya Tabora.
Nawajua wanaokwenda Mpanda kutafuta
na wanaokwenda Kigoma kukimbia deni,
na huyo Orkun wako, mwanangu,
ana uso wa mtu asiye na nauli
anayesubiri honi ilie ndipo aombe.

Sauti za Kiswahili walizowawekea zinachelewa.
Midomo imekwisha kufunga, neno bado linatoka.
Nimezoea. Humu ndani nako ni vivyo hivyo:
midomo ilifunga mwezi wa saba,
neno lile bado linatoka.

Nyanzala, mke wa Mihayo, hukaa kigodani karibu na mlango
akibangua karanga za kuuza.
Mumewe yuko Geita, machimboni.
Mimi na yeye hatusemezani ila saa mbili usiku.
Saa mbili tunasema.
"Huyu mama mkwe mchawi," anasema, macho kwenye runinga.
"Mchawi kabisa," namjibu,
na ganda la karanga linapasuka.

Jumanne yule mama alichoma barua.
Mtaa mzima ulimlaani, nilisikia kupitia ukuta wa kwa Mama Shija.
Mimi nilinyamaza. Niliviona vidole vyake.
Mwenye chuki hachomi barua akitetemeka vile.
Yule aliogopa. Nilitaka kulisema hilo,
ila Nyanzala angeuliza: aliogopa nini?

Ile nyingine ya saa tatu, ya hapahapa nchini, nimeisusa
tangu wamuue Masanja kwa pikipiki
(alidai nyongeza ya mshahara, ndivyo wasemavyo saluni).
Wiki nzima nimewanyima macho yangu.
Haya, siku tatu.

Basi leo.
Tulin amesimama mlangoni kwa mkwewe, tumbo halipo tena,
lilikwenda sehemu ya themanini na nane,
na yule mama anavuta pumzi,
anafungua kinywa

giza.

Si mgao. Kwa Mama Shija runinga inaunguruma.
Ni LUKU yetu imekwisha.
Kupitia ukuta ukaja muziki, kisha kilio,
hatukujua cha nani.

Nyanzala hakuinuka.
"Unadhani alimwambia nini?"

Ningeweza kusema: mwezi wa saba, mbele ya wageni,
niliuliza nyumba hii itasikia lini mtoto akilia,
na wewe ulikuwa umetoka hospitali ya Kitete juzi yake,
na mimi sikujua.
Nilijua.
Nusu nilijua.

Nikasema, "Washa tochi, tununue umeme."

Alinunua yeye, kwa hela ya karanga.
Nikasimama ukutani, kidole kwenye mita,
naye akanisomea, nne nne, taratibu,
kama anayemlisha mgonjwa uji:
"Tano, sufuri, saba, mbili."
"Tano, sufuri, saba, mbili."
"Tisa, tisa, moja, nne."
"Tisa, tisa, moja..."
"Nne, mama."

Tarakimu ishirini.
Hatujawahi kuongea muda mrefu hivyo tangu mvua zikatike.
Nilikosea ya kumi na saba
tukaanza upya,
na mpaka sasa sina hakika
kama kidole kiliteleza.